Baba Alikohoa Kabla ya Wimbo

Jumatano, 12 Machi

Majoho ya kwaya bado. Nimekata vitambaa tangu asubuhi, vyote vyeupe, na kola zake za zambarau. Kanisa linayataka kabla ya Pasaka. Mgongo unauma.

Joto la leo ni la kumlaza mtu akiwa amekaa. Nilisinzia juu ya cherehani, mguu ukaendelea kukanyaga wenyewe, na nilipozinduka mshono ulikuwa umenyooka. Sijui nani aliushona.

Malori ya mpakani yamepanga foleni hadi mbele ya duka. Madereva wamelala chini yake. Mama naye amelala kwenye mkeka wake karibu na mlango, mikono kifuani. Kwa muda mrefu ilikuwa kama mji mzima wa Busia umelala, upande wetu wa Uganda na upande wa Kenya, na mimi tu ndiye nimeachiwa kuulinda.

Mume wangu Ouma alirudi mapema. Tumekula samaki na ugali wa muhogo. Hakuna jipya.

Alhamisi, 13 Machi

Baba amefariki.

Nimeandika nione maneno yanavyokaa. Yamekaa tu.

Mtu wa bodaboda alikuja kutoka ng'ambo, upande wa Kenya. Akauliza, "Wewe ndiye Roza wa Obbo?" Nilikuwa nimebana pini mdomoni, nikaitikia kwa kichwa. Akasema mzee alijilaza jana baada ya chakula cha mchana, hakuamka. Ametumwa na mwanamke anayeishi naye.

Nilimwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua. Baadaye sana akauliza, "Macho walimfumba?" Nikasema sijui.

Yakobo Obbo, mpiga dramu. Ndivyo watu walivyomtaja nilipokuwa mdogo, na mimi nikadhani mpiga dramu ni mtu anayesafiri. Alitoka kijijini kwetu Merikit akaenda Nairobi kupiga katika studio. Akawa anarudi kila Krismasi. Kisha baadhi ya Krismasi. Kisha basi. Mama akafungasha, tukaja Busia, akanisomesha ng'ambo kwa kuuza mihogo. Kiswahili hiki ninachoandikia ni cha shule hiyo. Mwaka nilioolewa ndipo Baba akarejea mpakani, akaishi upande wa pili, mwendo wa kutembea kutoka dukani kwangu. Tulisalimiana kama majirani. Yeye aliniita mama, kama wazee wanavyowaita binti zao. Mimi nilimwita mzee.

Sikulia. Nimeshona kola tatu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimevuka na Ouma. Kazi ya mume wangu ni makaratasi ya malori, anajua kila dirisha la mpakani, kwa hiyo kibali cha kuvusha maiti amekichukua yeye. Mimi nikaenda kwa yule mwanamke.

Anaitwa Taaka. Ni wa kabila la Wasamia, anauza omena, dagaa wa ziwani. Miaka yote nilimfikiria mrefu, mwenye kelele. Ni mfupi na sauti yake ni ndogo. Hakuniita mwanangu. Hilo nimeshukuru. Alinipa kiti, yeye akaketi chini kwenye gunia. Chumba kimoja. Kitanda, meza, shati limeanikwa kwenye msumari, limekauka zamani. Hajalitoa.

Niliuliza dramu ziko wapi.

"Hakuwahi kuwa nazo," akasema. "Za studio zilikuwa za studio. Yeye alikuwa na vijiti tu."

Nikacheka. Kicheko kibaya. Nimekua nikiamini kwamba alituacha akachagua dramu, kumbe hata hizo hakuwa nazo.

Mochari nimeuona uso wake. Mdogo kuliko nilivyokumbuka. Wamemnyoa ndevu. Sikumgusa.

Jumamosi, 15 Machi

Ndoto. Baba amekaa katikati ya mto Malaba, maji kiunoni, anapiga uso wa maji kwa viganja. Hakuna sauti hata kidogo. Mimi niko ukingoni na joho jeupe, namwita aje avae. Kila nikiita, maji yanapanda juu ya miguu yangu, ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Niliamka bila hasira. Ikarudi nilipokuwa napiga mswaki.

Baba mdogo Owori amepiga simu kutoka Merikit. Ndiye ndugu wa Baba aliyebaki. Mazishi ni nyumbani, Jumamosi ijayo.

"Wewe ni mtoto yake ya pekee," akasema. "Utakaa mbele."

Nikasema sawa. Sitaki kukaa mbele. Nataka kukaa nyuma na watu waliokuja kula.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani. Mahubiri yalinipita. Nilikuwa napima mabega ya wanakwaya kwa macho, huyu mpana, huyu ameshuka upande mmoja, na katikati ya kupima nikaanza kumsikia mpiga dramu. Yupo kila Jumapili. Leo ndiyo mara ya kwanza nimemsikia.

Ni Mwalimu Emojong, anafundisha shule ya msingi. Kabla ya pigo la mwisho la kila mzunguko anachelewa kidogo. Si kukosea. Anachelewa, na kanisa zima linangoja pamoja naye bila kujua linangoja, halafu linashuka. Nilifumba macho. Nilikuwa kama ninabebwa mgongoni na mtu anayepanda kilima bila haraka.

Tulipotoka nikamwuliza alijifunza wapi.

"Kwa mtu ya Malaba," akasema. "Na yeye alifundishwa na mzee moja, alikuja kubadilisha ngozi ya dramu yao. Sisi wote hapa border tunapiga hivyo. Ni staili ya kanisa."

Nikauliza jina la mzee. Hajui. Akanipa pole ya msiba, akauliza marehemu alikuwa anafanya kazi gani. Nikasema alikuwa mtu wa kusafiri.

Jumatatu, 17 Machi

Nina mengi. Nitajaribu kuandika kama yalivyokuja.

Mchana, jua kali, mzee akasimama mlangoni na suti nzito ya kahawia. Nilidhani anataka kupunguziwa suruali. Akavua kofia.

"Mimi ni Wandera. Nilipiga besi na baba yako."

Anatoka ng'ambo. Vidole vya mkono wake wa kushoto vimepinda kuelekea ndani, kama bado vimeshika shingo ya gitaa. Nilimpa kiti na soda. Mama alipomwona aliinuka kwenye mkeka, akaingia chumba cha ndani. Hakumsalimu. Wandera akasema kwa upole, "Ananikumbuka. Mimi ndiye niliyempeleka baba yako Nairobi."

Alinieleza habari za Nairobi. Bendi zilikuja studio kutoka kila mahali. Wakongo, Wajaluo, Waluhya, Wakamba. Nyingi zilifika na mpiga dramu aliyelewa, au mwenye mapigo ya kukimbiakimbia, na mwenye studio akawa anaagiza, mwiteni Obbo. Anaingia, anausikiliza wimbo mara moja, anakaa, anapiga, anatoka kwenda kunywa chai. Santuri inatoka na jina la bendi. Lake halimo. Wapiga dramu wa huku wakanunua santuri hizo, wakaiga.

"Walidhani wanaiga watu kumi," Wandera akasema. "Walikuwa wanaiga mtu mmoja."

Nikamwuliza alikuwa akipigaje. Akatafuta maneno, akayatafuta hadi kwenye dari.

"Alikuwa anachelewa kidogo. Kama mtu aliyekaribisha mgeni, anangoja mgeni aketi kwanza ndipo aanze kula."

Niliweka mkasi chini. Kanisa la jana likarudi lote, mabega yote yale meupe yakingoja.

Halafu, akasema, zikaja mashine za mapigo. Kijana mmoja na kinanda anafanya bendi nzima. Studio zikaacha kuita. Baba akapiga baa mbili tatu, akafanya kibarua cha kupakia saruji, akarudi mpakani.

"Mpakani," nikasema. "Siyo nyumbani. Kwa nini?"

"Aliona haya, mama. Mtu anarudi na nini? Vijiti?"

Nikamwambia haya yake haikunilisha, wala haikumpumzisha Mama mgongo. Nilisema kwa ukali, watu wa duka la jirani wakageuka. Wandera akainamisha kichwa. "Ni kweli," akasema. Hakumtetea. Angemtetea ningemfukuza.

Lori likapita, vumbi likaingia, likakaa juu ya vitambaa vyangu vyeupe, na sikuwa na nguvu ya kuvifunika.

Ndipo akaniuliza harusini kwangu tulikata keki kwa wimbo gani. Swali la ajabu. Huku watu wote hukata keki kwa wimbo ule ule, wa zamani kuliko mimi. Bila huo keki haikatiki. Akautafuta kwenye simu yake, akaniwekea sikioni.

"Usisikilize gitaa. Sikiliza kabla ya gitaa."

Kabla ya gitaa kuna ukimya mdogo. Ndani ya ukimya huo mtu anakohoa. Mara mbili, ya pili fupi, ya kuzuiliwa. Kisha dramu zinaingia.

Nimeusikia wimbo huo katika harusi zisizo na idadi na sikuwahi kukisikia kikohozi hicho. Na nilikijua. Mwili ulikijua kabla ya akili kufika. Ni cha mtu anayevaa viatu alfajiri, anajizuia asimwamshe mtoto. Mtoto mwenyewe ni mimi, na siku zote nilikuwa macho.

"Ni yeye?" nikauliza, na huku najua.

"Ni yeye. Tulitaka kurudia, mwenye studio akasema mkanda ni ghali, acheni." Akacheka kidogo. "Siku ya harusi yako alikuwa kwangu. Spika zenu zilikuwa zinasikika hadi ng'ambo. Wimbo ulipoanza akaweka kikombe chini. Ulipokwisha akasema, 'Angalau nilipiga.'"

Nililia. Mbele ya mgeni, na mteja amesimama mlangoni na sketi ya shule mkononi. Nililia kama nimemwagiwa maji.

Mama hakutoka ndani mpaka Wandera alipoondoka. Kabla ya kuondoka Wandera aliomba jambo moja. Wazee waliobaki, waliopiga na Baba, wanataka kumpigia kaburini. Nyimbo mbili tu. Nikasema nitauliza nyumbani.

Jumanne, 18 Machi

Merikit. Nimekwenda na kurudi, mifupa inalia.

Mwamba wa Tororo ulikuwa wazi asubuhi, wa buluu, kama umechorwa na mtu asiye na haraka. Halafu ukungu ukaupunguza kutoka chini na ukabaki kichwa tu, kinaelea. Niliutazama njia nzima.

Baba mdogo Owori alikuwa shambani. Ana nywele nyeupe zote sasa. Tuliketi kwenye magogo ya jikoni, mke wake akaleta uji wa wimbi. Nilimweleza habari ya Wandera na wenzake. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema hapana.

"Hii ni Kwaresima. Mimi mzee ya kanisa. Hapa haiingii muziki ya baa."

Nikasema ni nyimbo mbili, bila kuimba. Akaweka kibuyu chini.

"Roza. Baba yetu alipokufa, mimi nalizika. Mama alipokufa, mimi nalizika. Naltuma watu Nairobi, wakasema Obbo yuko studio. Nalichimba hii kaburi peke yangu na majirani. Yeye alikuwa napigia watu wacheze. Sasa nimpigie tena?"

Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Jumatatu nilisema hivyo hivyo.

Nimerudi nimechoka na nimemkasirikia Baba upya, na zaidi ya Baba nimejikasirikia, kwa sababu sasa nataka wapige. Nataka sana. Wiki jana nisingejali wakimzika kwa filimbi.

Jumatano, 19 Machi

Ndoto, fupi. Nashona, na uzi unatoka kwenye maji.

Nimemwambia Wandera kwa simu kwamba wamekataa. Akasema, "Basi tutakuja kuketi."

Alhamisi, 20 Machi

Mama hatakwenda Merikit. Nilidhani atabadilika.

"Mimi si mjane wake," akasema. "Mwambie Taaka avae yeye nguo nyeusi."

Alilitaja jina hilo kama mtu anayetaja mji aliowahi kupita. Ninatafuta hasira usoni mwake, sioni. Anaota jua. Anakula. Leo alinishonea vifungo vya majoho sita bila kuombwa, na macho yake yalivyo mabovu sijui aliona nini. Nilipovikagua vyote vilikuwa sawa. Kisha nikamwona amekaa, kitambaa magotini, ananong'ona. Nilikaribia, akaishika sindano tena.

Taaka hana nguo nyeusi. Nimemshonea moja jioni hii kutoka kitambaa kilichobaki. Vipimo nilivikisia. Nilikuwa nimemtazama vizuri kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, 21 Machi

Baba amevuka mpaka. Ouma alikuwa na makaratasi yote, ofisa akayatazama, akavua kofia, akapunga mkono. Gari likapita polepole kati ya malori. Madereva walisimama. Hawakumjua. Walisimama tu kwa sababu ni jeneza. Mimi nilikaa nyuma na Taaka, tumelishika kila mtu upande wake lisiteleze kwenye matuta. Tangu Busia hadi Merikit hatukuliachia. Mashamba yalipita, ng'ombe, kina mama na majembe, na sisi wawili tunaelea juu yao. Nguo imemkaa vizuri.

Tulifika mchana. Vilio. Turubai. Wanaume chini ya mvule na chungu cha pombe ya wimbi, mirija mirefu. Jeneza likaingizwa sebuleni.

Jioni bado jua liko juu kidogo, nikamwona Baba mdogo amekaa peke yake nyuma ya ghala la mtama. Sikuwa nimepanga. Nilikwenda nikaketi karibu naye. Nilisema, "Baba mdogo, sikuombi tena. Sikiliza tu." Nikamwekea simu sikioni.

Akasikiliza. Dramu zilipoingia akainua kidole. Nikazima.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Kikohozi, kikohozi kifupi, dramu.

"Rudisha."

Mara ya tatu akaichukua simu mwenyewe, akaishika sikioni kwa mikono miwili kama mtu anayekunywa kutoka kwenye kata.

"Hii ni vumbi ya mtama," akasema. "Tulikuwa tunapepeta, sisi wawili, watoto. Vumbi yote naingia kwake. Kila mwaka. Mama anasema, Yakobo, kaa upande ile ingine ya upepo. Hataki. Anasema Owori ni mdogo, Owori akae kule." Akanitazama. "Alikuwa anakaa kwa vumbi ili mimi nikae kwa upepo."

Akaanza kucheka. Kisha si kicheko tena. Niliushika mkono wake. Sijawahi kumshika mkono mtu wa ukoo wangu wa Merikit. Ni mkono kama wa Baba, vidole vile vile vifupi. Nadhani. Wa Baba sikuwahi kuutazama kiasi hicho.

Baadaye akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Moja," akasema. "Wimbo moja. Hakuna kuimba. Hakuna mtu kucheza."

Jumamosi, 22 Machi

Tumemzika.

Asubuhi umande ulikuwa mzito, watu wakaja miguu imelowa. Wazee wa bendi walifika na pikapu. Watano. Suti zile zile za zamani, kila moja imepungukiwa kitu. Mmoja haoni, aliongozwa kwa kiwiko na akawa anauliza, "Nyumba iko wapi? Kaburi liko wapi?" kisha akageuka akalielekea sawasawa kama analiona. Hawakuwa na mpiga dramu. Wandera alisema wangepiga bila dramu. Nikasema hapana, na nikashangaa kuisikia sauti yangu. Nilikuwa nimempigia Mwalimu Emojong jana jioni. Alikuja Merikit na dramu za kanisa zimefungwa kamba juu ya gari la kukodi.

Nilimwambia marehemu ni nani. Nilimwambia nadhani mzee aliyebadilisha ngozi kule Malaba ndiye huyu. Mwalimu alisimama na vijiti mkononi muda mrefu. Akasema, "Mimi nimekula kwa sahani ya mtu sijamshukuru." Akaenda akainama mbele ya jeneza.

Ibada ikawa ya kawaida. Mchungaji alimtaja marehemu kama mkulima. Sikukasirika. Udongo ukaanza. Baba mdogo alitupa, nikatupa mimi. Taaka alikuwa nyuma kabisa, na jirani zake wawili waliokuja naye, kama watu wanaongoja gari. Nilikwenda nikamshika mkono.

"Mama mdogo, njoo."

Nilisema kwa sauti, watu wasikie. Akaja. Udongo aliuachia kidogo kidogo, kama anatia chumvi.

Kisha wakapiga. Gitaa la yule asiyeona lilianza, jembamba, na besi ya Wandera ikaja chini yake. Vidole vilivyopinda vilijua pa kwenda. Mwalimu akaingia. Akachelewa. Pale pale. Nilihisi uwanja mzima unangoja, wachimba kaburi na makoleo yao, kina mama na watoto migongoni, mtama nje ya ua, vyote vimeinuliwa kidogo kutoka ardhini. Kisha tukashushwa. Kisha tukainuliwa tena.

Hapakuwa na wa kuimba na hapakuwa na wa kucheza. Watu walisimama kama walivyoagizwa. Lakini shangazi mmoja mzee sana, amekonda, akaanza kuyumba, akawa anayumba kwa heshima, uso wa huzuni, mabega yakijibu. Mwingine akamfuata. Halafu safu nzima. Hakuna aliyeinua mguu, na hakuna aliyekuwa ametulia. Baba mdogo aligeuka akaanza kukagua paa la ghala, kwa makini, kama amesikia linavuja. Mchungaji alifunga kitabu akakikumbatia. Mimi nilishtukia magoti yangu yanafanya kazi. Sikuyaagiza.

Nilitaka usiishe. Uliisha. Hakuna aliyepiga makofi. Ng'ombe mmoja alilia mbali, na watu wakaanza tena kurusha udongo.

Baba mdogo hakuwatazama wazee wa bendi. Lakini chakula kilipotoka, aliwabebea sahani mwenyewe.

Jumapili, 23 Machi

Nimelala mchana kutwa. Mvua ya kwanza imenyesha. Sijaota kitu.

Ijumaa, 4 Aprili

Majoho yamekwisha. Mwalimu Emojong alikuja kuyachukua. Amesema wapiga dramu wa Malaba, Tororo na Busia wanaulizana sasa. Kila mmoja anamtafuta aliyemfundisha aliyemfundisha. Amesema wengi wanaishia kwa mzee fulani asiye na jina, na sasa wanalo.

Mama alikuwa anasikiliza kutoka kwenye mkeka. Mwalimu alipoondoka akaniuliza kama Wandera siku hizi anakunywa pombe. Nikasema sijui. Akasema, "Zamani alikuwa hanywi."

Mama mdogo ameniletea omena. Nimemtengenezea mkono wa gauni lake jingine, ulikuwa unambana.

Jumatatu, 21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Mama aliamka akavaa gauni la kutokea na kitambaa cha kichwa. Nilipouliza anakwenda wapi akasema, "Merikit." Kama vile tunakwenda kila wiki.

Ouma alitafuta gari. Njia nzima Mama alitazama dirishani. Hakuwa ameukanyaga uwanja ule tangu nikiwa mtoto. Mke wa Baba mdogo alimkumbatia mlangoni, wakashikana hivyo, kisha Mama akajitoa na kwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Hakuuliza njia.

Udongo wa kaburi umeanza kushuka. Majani yameota, ya mvua, laini. Mama alisimama. Akasema kwa Kipadhola, sauti ya kawaida, "Obbo, nimekuja. Magoti yananiuma, sitakaa sana."

Akaketi kwenye nyasi. Nikaketi naye. Akang'oa majani yaliyokuwa karibu na mkono wake, akayapanga upande mmoja.

"Tulipooana," akasema, "alikuwa anapiga sufuria zangu. Kwa vijiko. Mimi napika, yeye anapiga. Nikigeuza mboga anageuza naye. Nikichoka anapiga taratibu." Akang'oa jani lingine. "Nilikuwa naunguza mboga kwa kucheka. Mama mkwe akasema hajui kupika huyu."

Nilimtazama. Sijawahi kumwona Mama akiunguza kitu. Nilijaribu kumwona, msichana wa jikoni, moshi, mdomo wazi kwa kicheko. Kwa muda mfupi niliweza.

Upepo ulipita kwenye shamba la wimbi. Mama akaomba maji ya kunywa, nikampa chupa. Akanywa, akairudisha, akanyoosha miguu.

Hatukuondoka upesi. Tuliketi hadi kivuli cha nyumba kikatufikia.